Mali bila daftari: jinsi watu wasiojuana walivyojiwekea sheria za kuuziana

Wiki hii historia yetu siyo ya vita wala ya marais. Ni historia ya sheria za kuuziana vitu kati ya watu waliokutanishwa na kitu wanachokipenda, watu ambao wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Tumeichagua kwa sababu iko mlangoni kwetu. Kundi letu la WhatsApp la wapenda muziki lilianza kwa kufundishana gitaa na kinanda. Sasa hivi humo ndani mtu anauza spika, mwingine anatafuta nyuzi za gitaa, mwingine ana maikrofoni ya kukodisha. Wanachama wako Nakivale, wako Kyangwali, wako Kampala, wengine wako Nyarugusu upande wa Tanzania, na wengine wameshapelekwa Marekani na Kanada lakini bado wako na sisi. Biashara ilikuja yenyewe, hakuna aliyeiita. Na fujo ikaja nayo.

Kuna mawazo matatu kwenye kundi. Wa kwanza wanasema biashara ifungwe kabisa, turudi kwenye muziki. Wa pili wanasema kila anayeuza alete kitambulisho kwa admini. Wa tatu wanasema kila mtu ajilinde mwenyewe, akiibiwa shauri yake. Jumamosi tunapiga kura. Kabla ya kupiga kura tuangalie wenzetu waliopita njia hii kabla yetu, maana sisi siyo wa kwanza.

1. UBAO WA KAMBINI, 1942 HADI 1945

Tuanze na kambi, kwa sababu kambi tunazijua. Hii haikuwa kambi ya wakimbizi, ilikuwa ya wafungwa wa vita. Mwingereza mmoja aitwaye R. A. Radford, ambaye alikuwa amesoma uchumi, alitekwa Libya mwaka 1942 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Akapitia kambi ya Italia, baadaye akawekwa Ujerumani, kwenye kambi ya Stalag VIIA pale Moosburg. Vita vilipoisha aliandika makala iliyotoka Novemba 1945 kwenye jarida la Economica, akieleza jinsi wafungwa walivyokuwa wanauziana vitu. Mpaka leo wanafunzi wa uchumi wanaisoma.

Hapakuwa na mtandao kule, na hawakuunganishwa na hobi. Lakini tatizo lao lilikuwa ndilo hili letu: watu wengi, vitu tofauti, hakuna mahakama ya kwenda kushtaki. Kwenye makambi aliyoyaeleza walikaa watu kati ya 1,200 na 2,500. Kila mmoja alipata furushi la Msalaba Mwekundu lenye maziwa ya kopo, jamu, siagi, biskuti, nyama ya kopo, chokoleti, sukari na sigara. Furushi ni lile lile kwa wote, lakini matumbo siyo yale yale. Asiyevuta sigara anataka chokoleti. Asiyekula nyama ya ng'ombe anataka jamu. Basi wakaanza kubadilishana, na polepole sigara ikawa ndiyo pesa.

Mwanzoni bei zilikuwa hazijulikani. Radford anasimulia habari iliyokuwa ikizunguka ya kasisi mmoja aliyetoka na kopo moja la jibini na sigara tano, akazunguka kambi nzima akibadilishana, akarudi na furushi zima, na jibini yake na sigara zake bado anazo! Kulikuwa pia na mtu aliyejua Kiurdu. Huyo alikuwa ananunua nyama kwa wafungwa wa Kihindi wa dini ya Kalasinga, anawapelekea siagi na jamu, na katikati pale anapata faida yake. Sisi tunaoishi kwenye kambi zenye lugha kumi tunamjua vizuri sana mtu wa namna hiyo.

Dawa waliyoipata siyo kuwakamata madalali. Waliweka ubao wa matangazo katika kila jengo. Unaandika jina lako, namba ya chumba chako, unachotaka na unachotoa. Biashara ikishakamilika, tangazo linafutwa. Ni jambo dogo tu, lakini kwa kuwa kila kitu kiliandikwa mbele ya macho ya watu wote, bei zikajulikana, zikaanza kulingana kambi nzima. Hata yule wa Kiurdu faida yake ikapungua, kwa sababu wengine waliona na wao wakaingia kwenye biashara hiyo.

Baadaye uongozi wa wafungwa ulifungua duka lisilotafuta faida. Mtu anaacha pale nguo au chakula asichohitaji, kinauzwa kwa bei iliyopangwa, bila kupunguziana. Duka lilianza na mtaji wa kukopa, ukalipwa kwa kukata kiasi kidogo kwenye mauzo ya mwanzo.

Na kulikuwa na vitu ambavyo havikuuzwa. Vifaa vya usafi vya Msalaba Mwekundu vilikuwa vichache, basi vilizuiliwa visiingie sokoni, na watu wote walikubali. Halafu kuna wakati wavuta sigara sana walikuwa wanauza hata rasheni ya Wajerumani, mpaka wengine wakaugua kwa kukosa lishe. Hapo ikapigwa marufuku kuuza rasheni hiyo. Sababu ilikuwa wazi: wale wagonjwa walikuwa wanakula akiba ya hospitali, na akiba hiyo ni ya wote.

Tunachokiona hapa ni kwamba soko la watu waliofungiwa mahali pamoja halikuzuiwa. Lilitolewa gizani likawekwa ubaoni, na vitu vichache vyenye sababu vikatolewa nje ya soko.

2. KASETI ZISIZOUZWA

Sasa twende kwa wapenda muziki wenyewe. Bendi ya Grateful Dead ilianza California, Marekani, mwaka 1965. Ilikuwa na tabia ya kupiga kila onyesho tofauti na la jana, kwa hiyo mashabiki walitaka kusikia maonyesho yote. Wakawa wanaingia na vinasa sauti. Bendi, badala ya kuwafukuza, ikawaachia. Oktoba 1984 ikafika hatua ya kuwatengea sehemu yao maalumu ya kukaa na maikrofoni zao.

Sharti lilikuwa moja: rekodi usifanye biashara nayo. Unabadilishana, hupati faida. Sharti hili lilishikwa na mashabiki wenyewe kuliko hata bendi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 kijana wa New York, Les Kippel, alikuwa ameanzisha chama cha kubadilishana kaseti hizo bure, na mwaka 1974 wakaanza jarida lao. Mwaka 1985 ilipofunguliwa The WELL, huduma ya mazungumzo ya kompyuta kule California, mashabiki hao waliingia kwa wingi wakiilipia, wakawa miongoni mwa waliofanya huduma hiyo isimame. Kwa hiyo hawa walikuwa jamii ya hobi mtandaoni kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Lakini watu wanajiuliza: kama ni kubadilishana tu, mtu mpya ambaye hana kaseti hata moja ataingiaje? Walilifikiria hilo. Desturi yao ilikuwa kwamba mgeni anatuma kwa posta kaseti tupu na stempu za kurudishia. Mwenye rekodi anamnakilia, anamrudishia. Hakuna senti ya faida, na hakuna anayeingia hasara. Kesho na yeye ana rekodi, anaweza kumsaidia mwingine. Baadaye wakapanga kama mti: mmoja mwenye rekodi nzuri anawanakilia watu kadhaa, kila mmoja wao anawanakilia wengine kadhaa, mpaka rekodi inafika kwenye majani.

Aliyeuza kaseti kwa faida hakupelekwa polisi na wenzake. Walimtenga tu. Kwa mtu anayependa muziki ule, kukosa wa kubadilishana naye ilikuwa adhabu ya kutosha.

Muone pia sheria hii ilivyokuwa na nguvu hata kwa wakubwa. Novemba 2005 upande wa bendi uliagiza tovuti ya Internet Archive iondoe rekodi ambazo watu walikuwa wanazipakua bure. Mashabiki walikasirika, wakaandika waraka wa kulalamika na kukusanya saini. Baada ya siku chache tu, rekodi zilizochukuliwa na mashabiki zikarudishwa kupakuliwa. Zile zilizotoka kwenye mitambo ya jukwaani zikaachwa za kusikiliza tu. Sheria iliyokaa miaka mingi na watu wakaiamini haiwezi kubadilishwa kwa barua moja, hata na aliyeianzisha.

Kwetu sisi hii inajibu wale wanaosema biashara ifungwe kabisa. Wenzetu hawakufunga. Walikubaliana kitu gani ni cha wote na hakiuzwi, na wakamwachia mgeni mlango.

3. MNADA WA VITU CHAKAVU NA DAFTARI LA SIFA

Septemba 1995 mtaalamu wa kompyuta Pierre Omidyar alifungua kwenye intaneti mnada ulioitwa AuctionWeb. Omidyar mwenyewe ni mtoto wa wahamiaji: alizaliwa Paris kwa wazazi wa Kiirani, akahamia Marekani akiwa mdogo. Kitu cha kwanza kuuzwa, kama anavyosimulia, kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Alimuuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba ni mbovu. Jamaa akajibu kwamba yeye anakusanya zile mbovu! Wateja wengi wa mwanzo walikuwa wa namna hiyo, watu wa hobi: wanakusanya wanasesere, kadi za posta, sarafu, vitu vya zamani. Mwaka 1997 mnada huo ukabadilishwa jina, ukaitwa eBay.

Sasa fikirini walivyokuwa wanafanya. Mnunuzi yuko upande mmoja wa nchi, muuzaji upande mwingine. Mnunuzi anatuma hundi kwa posta, kisha anakaa kusubiri mzigo. Wakigombana, wanamwandikia Omidyar awaamue, kila mmoja anasema mwenzake ni mwizi. Yeye alikuwa peke yake, na hakuwaona.

Februari 1996 akaamua kuacha kuwa hakimu. Akafungua daftari la wazi. Baada ya biashara, kila upande unaandika neno kuhusu mwenzake na kumpa alama: moja ya kuongeza, sifuri, au moja ya kupunguza. Jumla inakaa pembeni mwa jina lako, kila mtu anaiona. Ukifika alama nne chini ya sifuri, unatolewa.

Hapo ndipo wazee wetu wanatukumbusha: mali bila daftari hupotea bila habari. Tofauti ni kwamba daftari hili lilihesabu uaminifu. Na uaminifu una bei kabisa. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Paul Resnick walichapisha mwaka 2006 jaribio lao: muuzaji mzoefu wa kadi za posta za zamani aliuza kadi zinazofanana, mara kwa jina lake lenye sifa ya miaka mingi, mara kwa majina mapya yasiyojulikana. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa lile jina la zamani. Kadi ni zile zile, mtu ni yule yule. Kilichotofautiana ni daftari.

Lakini tusiwadanganye, daftari hilo lilikuwa na matundu. Tundu la kwanza: watu wengi hawakuandika. Utafiti wa biashara za mwaka 1999 ulionyesha kwamba wanunuzi waliandika kwa karibu nusu tu ya manunuzi, na waliolalamika hawakufika hata asilimia moja. Tundu la pili: kisasi. Mnunuzi anaogopa kusema ukweli kwa sababu muuzaji naye atamchafua. Ilichukua mpaka mwaka 2008 ndipo eBay ikawazuia wauzaji wasiwape wanunuzi alama mbaya. Tundu la tatu: mgeni. Mtu asiye na alama haaminiwi, na asipoaminiwi hapati alama.

Hilo la mgeni wapenzi wa kadi za mchezo wa Magic, uliotoka mwaka 1993, walilitatua kwa desturi nyepesi. Walikuwa wanabadilishana kadi kwa posta na watu wasiowajua. Anayeweza kutaja watu wengi aliowahi kufanya nao biashara vizuri, anapokea kwanza. Mwenye majina machache anatuma kwanza. Haisemi mgeni ni mwizi. Inasema tu mgeni ndiye anayebeba wasiwasi mwanzoni, na baada ya mara tatu nne na yeye ana majina ya kutaja.

4. HAYA YANATUHUSU VIPI

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kundi letu alituma pesa ya spika kwa muuzaji wa kambi nyingine. Kesho yake namba ikawa haipatikani. Pesa hiyo aliipata kwa kubeba matofali wiki tatu. Baada ya yeye kusema, wengine wawili wakasema kimyakimya kwamba na wao muuzaji huyo aliwahi kuwafanyia hivyo. Walinyamaza kwa aibu. Yaani habari ilikuwepo, ila haikuandikwa mahali popote. Kwa wale wanaosema kila mtu ajilinde mwenyewe: mtu atajilindaje na jambo ambalo wenzake wanalijua na yeye hajaambiwa?

Na kwa wanaotaka vitambulisho, tunaomba wafikirie mara mbili. Kwetu karatasi siyo kitu chepesi. Mmoja ana kadi, mwingine yumo kwenye karatasi ya familia yenye jina la mama, mwingine kafika juzi na bado anasubiri. Tukisema bila kitambulisho huuzi, tutakuwa tumewafungia wale wale ambao milango mingine yote imeshawafungia. Tena picha za karatasi za watu zikikaa kwenye simu ya admini, simu ikiibiwa ni hatari kubwa kuliko spika. Ndugu wa mashirika mnalijua hili, ndiyo maana ninyi mnafungia mafaili kwa ufunguo. Wale wa kaseti na wale wa kadi hawakumdai mtu karatasi ya serikali. Walimtazama kwa matendo yake, na matendo hata mtu aliyekimbia bila begi anaweza kuyaonyesha.

Basi sisi tunaojitolea tumeandika mapendekezo haya, mtayajadili kabla ya kura:

Kwanza, tangazo liwe kamili: kitu, hali yake, picha ya siku hiyo, bei, na mahali kilipo. Kikishauzwa, mwenye tangazo analifuta siku hiyo hiyo. Matangazo ni Jumamosi na Jumapili tu, siku nyingine ni muziki.

Pili, vitu visivyouzwa humu: masomo ya gitaa na kinanda, nyimbo za wanachama bila ruhusa yao, vyombo vya kituo cha vijana, na rasheni au kadi ya rasheni. Kinachofundishwa bure kibaki bure.

Tatu, daftari. Kila biashara ikiisha, mnunuzi na muuzaji kila mmoja anamwandikia peke yake mtunza daftari. Akishapata maneno ya wote wawili, au zikipita siku saba, anayatoa kwenye kundi kwa pamoja. Hivyo hakuna anayesubiri kusoma ya mwenzake ili alipe kisasi. Watunza daftari wawe wawili, wa kambi tofauti, na wao wasiwe wauzaji.

Nne, mgeni aanze na kitu kidogo, na yeye ndiye anatuma kwanza. Kama hawezi, mwanachama wa zamani amsimamie kwa jina lake mwenyewe. Mgeni akiharibu, aliyemsimamia naye anaandikwa.

Tano, kitu kikubwa kama kinanda au spika kikaguliwe na mwanachama aliye karibu nacho kabla pesa haijatumwa.

Sita, anayetuhumiwa apewe siku kumi za kujibu kabla ya kutolewa. Tunajua mtandao unakatika, simu inauzwa kwa ajili ya dawa, mtu anahamishwa bila kuaga. Zikipita siku kumi bila jibu, jina lake linaandikwa kwenye daftari na anatoka. Akirudi na pesa ya mtu, nalo liandikwe.

Mapendekezo haya hayatamrudishia yule kijana pesa yake, na hatutaki kumdanganya mtu. Hata eBay yenye wataalamu wote wale ilitumia miaka 12 kurekebisha tatizo moja la daftari lake. Na sisi tutakosea mahali, tutarekebisha. Ila wa nne atakayetaka kununua kwa muuzaji yule atakuwa na mahali pa kuuliza kwanza.

Kura ni Jumamosi saa kumi jioni. Ukiwa na sheria ya saba, au ukiona mojawapo ya hizi sita itamuumiza mtu wa kambi yenu, iandike hapa chini kabla ya saa hiyo.